Uzuri wa Vitu vya Kawaida Machoni pa Mpiga Picha wa Nyumbani

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, lakini nyumbani mambo ni mengine. Kizuri cha nyumbani hakijiuzi. Hukaa pale pale kilipo mwaka hata mwaka, kikapitwa asubuhi na jioni, mpaka mwenye nyumba asikione tena. Sufuria iliyobonyea ubavuni, kamba ya nguo, viatu vya watoto vilivyowekwa mlangoni, moshi wa jiko unaopanda taratibu alfajiri: nani kati yetu, ndugu msomaji, husimama kuvitazama? Katika makala haya napenda kueleza jinsi kamera inavyoweza kutusaidia kuvitazama vitu hivyo, na pia kazi inayofuata baada ya picha kupigwa, yaani kazi ya kuihariri picha bila ya kuuharibu ukweli wake.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Ni mke wa askari na mama wa watoto watatu, nami naishi hapa Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, mahali ambapo wazee wengi bado wanapaita Cyangugu, kwa jina la mkoa uliokuwapo kabla ya mikoa ya Rwanda kupangwa upya mwaka 2006. Upande wa mashariki iko milima ya msitu wa Nyungwe. Upande wa pili liko ziwa Kivu, na ng'ambo ya maji huonekana mji wa Bukavu. Kamera yangu ni simu ya mkononi, wala si ya bei kubwa. Kwa hiyo neno lolote nitakalolisema hapa linaweza kujaribiwa na msomaji yeyote mwenye simu kama hiyo, awe kambini au nyumbani.

OMBI LILILOTOKA MBALI

Mwaka 2019 mume wangu alikuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Akina mama wenzangu waliopata kubaki nyumbani kwa sababu kama hiyo wanafahamu jinsi siku zinavyokuwa ndefu. Ili kumfurahisha, nilikuwa nikimpelekea picha za shughuli: ubatizo wa mtoto wa jirani, arusi ya binamu yake, watoto wetu wakiwa wamesimama wima katika nguo zao za sikukuu. Siku moja alinijibu hivi: "Mama watoto, picha zimefika, nazo ni nzuri. Lakini humo sijaiona nyumba yetu. Nipigie jiko likiwaka, na kile kiti changu cha upenuni, na njia ya kuteremkia bombani."

Nilikaa na ombi hilo kwa muda. Mtu aliye mbali, anayelala katika hema na kuamka kwa zamu, hakuwa na haja ya kuona arusi. Alikuwa na haja ya kuona kiti. Siku hiyo nikatambua kuwa kuna picha za kuonyesha watu, na kuna picha za kumrudisha mtu nyumbani. Hizi za pili hupigwa mara chache, kwa kuwa tunadhani kuwa vitu vyetu vya kila siku havistahili.

Basi nikaanza kuvipiga picha. Kiti cha upenuni kilikuwa cha mbao, kimeng'aa mahali pa mikono kwa miaka ya kushikwa. Sikupata kuuona mng'ao huo mpaka nilipochuchumaa mbele yake na simu mkononi.

NURU NDIYO WINO

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa upigaji picha limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya nuru na kuandika. Maana hiyo yafaa kushikwa na kila anayeanza. Kitu hakiwi kizuri katika picha kwa sababu ni cha thamani. Huwa kizuri kwa jinsi nuru ilivyokiangukia. Sufuria ikiwekwa katikati ya uwanja saa sita mchana huonekana kama kipande cha bati. Sufuria hiyo hiyo ikiwekwa karibu na mlango wa jiko saa moja asubuhi, nuru ikiijia kwa ubavu, huonyesha mviringo wake, mikwaruzo yake na mvuke unaotoka chini ya kifuniko.

Hapa kwetu Rusizi nuru ina tabia zake, na aishiye hapa hujifunza kuzifahamu kama mkulima afahamuvyo udongo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa hujaa vumbi na ukungu mkavu, na milima ya ng'ambo hufifia. Miezi ya mvua ndiyo rafiki wa mpiga picha: mvua ikiisha kunyesha hewa husafika, na kila jani la mgomba huonekana kana kwamba limesuguliwa. Jua hutua upande wa Kongo, kwa hiyo jioni maji ya ziwa hung'aa kama kioo kilichoelekezwa machoni.

Mng'ao huo una hatari yake. Kamera hupima nuru yote iliyo mbele yake na kuitafutia wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, kamera hulipunguza ziwa makali, na uso wa mtu hugeuka giza tupu. Dawa yake ni rahisi. Mgeuze mtu huyo ili nuru imjie usoni, au uguse uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera impime yeye, si maji.

Shida hii ya ngozi zetu mbele ya kamera haikuanza na simu. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi maalum zilizotolewa na kampuni ya Kodak, zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi walizoea kuziita kadi hizo Shirley. Filamu na mashine zilizopimwa kwa sura hiyo hazikuonyesha vizuri ngozi nyeusi. Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani nyuso za wazazi wetu zimekosa maelezo, yakabaki macho na meno. Haikuwa kosa la nyuso hizo.

WALIOTUTANGULIA

Asidhani mtu kuwa kupiga picha vitu vya kawaida ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Picha ya kale kuliko zote zilizosalia ambazo zilipigwa kwa kamera, ile ya Mfaransa Nicéphore Niépce ya mwaka 1826 au 1827, haionyeshi mfalme wala vita. Yaonyesha mapaa na kuta zilizoonekana kutoka dirishani kwake. Katika bara letu, Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Nyuma ya watu aliowapiga picha alitundika shuka la kitanda chake mwenyewe, nalo likawa pazia lake la kwanza. Leo picha zake zinatazamwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Mfano wa karibu zaidi ulitokea katika ziwa letu hili hili, upande wa kaskazini. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, David Jiranek, aliwagawia watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, huko Gisenyi, kamera nyepesi za kutumiwa mara moja. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Bibi Rosamond Carr mwishoni mwa mwaka 1994 kwa ajili ya watoto waliopoteza wazazi wao. Watoto walipewa uhuru wa kupiga walichokipenda. Wakapigana picha wao kwa wao, wakapiga na mambo ya mazingira yao. Picha hizo zilionyeshwa Rwanda na ng'ambo, na waliozitazama waliona jambo ambalo wapiga picha wageni waliokuja kutafuta majonzi walilipita: kwamba maisha yalikuwa yakiendelea.

KUHARIRI NI KUCHAGUA KWANZA

Sasa tuje kwenye kazi ya kuhariri. Wengi hudhani kuwa kuhariri ni kuipamba picha kwa rangi zilizokwisha tengenezwa ndani ya simu. La hasha. Mhariri wa gazeti hachukui kila barua inayomfikia na kuipaka rangi; yeye huchagua, hupunguza, kisha husahihisha. Mpiga picha naye afanye vivyo hivyo.

Asubuhi moja niliteremka ufukoni wakati wavuvi wa sambaza wanarudi. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mnamo mwisho wa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za hapa. Wavuvi huondoka jioni wakiwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, huwavuta samaki kwa taa usiku, na hurudi kunapopambazuka, mara nyingi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Nilirudi nyumbani na picha 40. Nilipokwisha kuzitazama zote nikabakiza tatu. Iliyo bora haikuwa ya mitumbwi. Ilikuwa ya sinia la sambaza na mkono wa mwanamke aliyekuwa akiwatenga wakubwa na wadogo, nuru ya asubuhi ikipita juu ya migongo yao ya fedha.

Picha ikisha kuchaguliwa, mimi huifanyia kazi kwa utaratibu ufuatao, ambao msomaji aweza kuujaribu.

Kwanza, huhifadhi nakala ya asili pembeni, isiyoguswa. Mwenye nakala ya asili hana hofu ya kujifunza.

Pili, hunyoosha. Mstari wa maji ukiinama, mtazamaji huona kama ziwa litamwagika.

Tatu, hukata kingo. Katika picha ya sinia palikuwa na kiatu cha mpita njia upande wa kushoto na ndoo nusu upande wa kulia. Nilipovikata, mkono ukapata nafasi ya kusema.

Nne, hurekebisha mwangaza na vivuli kidogo kidogo. Mafundi wa chumba cha giza wa zamani walifanya kazi hii kwa viganja vyao: walikinga nuru isifike mahali fulani pa karatasi, au waliiacha ikae zaidi mahali pengine. Simu yafanya jambo lile lile kwa kidole. Lakini kivuli chote kisiondolewe, kwani kivuli ndicho kinachoonyesha umbo.

Tano, hutazama rangi. Hapa hutafuta kitu ninachojua kuwa ni cheupe, mathalani shati la shule au unga wa muhogo. Kikionekana cha manjano kwa sababu ya taa ya ndani, hurekebisha mpaka kiwe cheupe, na rangi nyingine zote hufuata.

Sita, huiacha picha hadi kesho yake. Jicho lililochoka hupenda makali. Asubuhi mara nyingi huona kuwa nusu ya nilichokiongeza chafaa kupunguzwa.

Kipimo changu cha mwisho ni swali moja: je, mtu aliyekuwapo angeitambua saa ile na mahali pale? Akitambua, kazi imekwisha. Asipotambua, nimetengeneza kitu kingine.

VUMBI NA KOVU

Umuhimu wa swali hilo niliufahamu vizuri mwaka 2022, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa utulivu, kwani jambo lenyewe si la mchezo.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, mumewe aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyumba yao iliteketezwa na vyote vilivyokuwamo. Picha ya pekee ya marehemu iliyosalia ilikuwa ndogo kama ile ya kitambulisho, iliyohifadhiwa na ndugu, imekunjika katikati na kujaa madoa. Binti yao, aliyekuwa tumboni wakati ule, alikuwa anakaribia kuolewa, na mama alitaka picha ya baba ikuzwe ili iwepo siku ya arusi.

Kijana mmoja wa kutengeneza picha alikuwa amekwisha kumsaidia kwa nia njema. Alikuwa ameisafisha ngozi ya marehemu ikawa nyeupe na laini, akamvika suti, akamsimamisha kando ya bibi arusi. Mama aliitazama kazi hiyo kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, huyu ni mtu mzuri, lakini simfahamu."

Nikamwomba picha ile ndogo. Niliiweka karibu na dirisha, mahali penye nuru isiyo ya jua kali, nikaipiga kwa kuishika simu sawasawa juu yake ili pembe zisipinde. Kisha nikamwomba mama akae kando yangu. Tuliikuza picha mpaka kila doa likaonekana, nikawa namwuliza kwa kila moja: "Mama, hili ni vumbi, au ni lake?" Mara nyingi alijibu kuwa ni vumbi, nami nikalifuta. Tulipofika kwenye kidevu palikuwa na alama ndogo nyeupe, mfano wa punje ya mchele. Akanishika mkono. "Hilo ni lake," akasema. "Alianguka akiwa mtoto, akichunga mbuzi." Baada ya hapo akaanza kunieleza habari nyingine za mumewe, ambazo binti yake, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, hakuwa amepata kuzisikia.

Mkunjo wa karatasi ulipita juu ya unyusi mmoja. Ningeweza kuuchora unyusi huo kwa kuiga ule wa pili, na hapana mtu angejua. Tulishauriana, mama akaamua kuwa tuuache mkunjo pale ulipo. Alisema kuwa karatasi hiyo nayo imepita mengi.

Siku ya arusi sikumweka marehemu mahali ambapo hakusimama. Bibi arusi aliishika picha iliyokuzwa kwa mikono yake miwili, nami nikaipiga mikono hiyo. Nyuma ya karatasi tuliandika jina la baba, mahali alipozaliwa, na maneno kwamba picha ilisafishwa mwaka 2022 kutoka nakala ndogo. Mjukuu atakayeiona baada ya miaka 50 atajua ni kipi kilichokuwapo na ni kipi kilichofanywa na mikono yetu.

Waliopata kufika kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari ulioko Gisozi, mjini Kigali, uliofunguliwa mwaka 2004, watakumbuka chumba chenye picha za watu zilizotolewa na jamaa zao. Nyingi ni picha za kawaida kabisa: mtu ameegemea ukuta, mtu anacheka. Upande wa watoto, chini ya picha zao, yameandikwa mambo madogo kama chakula alichokipenda mtoto au mchezo wake. Waliozipiga picha zile hawakujua wanatunza nini. Nasi pia hatujui ni picha ipi kati ya zile za leo itakayotafutwa kesho. Ndiyo sababu yafaa tusizipake uongo.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni askari, polisi na jamaa zao, yapo mambo machache ya kuongeza. Tuishio mpakani tunafahamu kuwa kambi, vituo vya ulinzi, silaha na madaraja ya mpaka si vitu vya kupigwa picha bila ruhusa. Hata picha ya nyumbani iliyopelekwa kwa nia njema inaweza kuonyesha nyuma ya mtoto kitu kisichopaswa kuonekana. Hapo ndipo kukata kingo kunapokuwa zaidi ya urembo. Vilevile mtu aombwe idhini kabla ya kupigwa picha, hata kama ni mchuuzi wa sokoni au mchuma chai wa Shagasha. Mtu si mandhari.

Picha zikipelekwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza ubora. Zile za thamani zipelekwe kama hati. Simu huibwa, huanguka majini na hufa. Kwa hiyo kila mwaka chagueni picha 12, moja kwa kila mwezi, mzichapishe kwenye karatasi. Nyuma andikeni kwa penseli laini majina, mahali na tarehe, kwani wino hupenya na kuchafua. Mzitunze mahali pakavu, mbali na jua na mbali na jiko.

Mwenye kutaka kuanza asingoje kamera kubwa. Kwa juma hili achague kitu kimoja tu cha nyumbani kwake, mathalani birika la chai au ufagio ulioegemezwa ukutani, akipige picha asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Siku ya mwisho azitazame picha zote 21, abakize moja, na aihariri kwa utaratibu nilioueleza. Kama yuko mtu wa nyumba hiyo aliye mbali kazini, ampelekee hiyo moja bila maelezo marefu. Ataitambua.